Siku Tatu Lisbon Kabla ya Kuanza Hija ya Miguu kwenda Fátima

Mtu anayetua Lisbon anaweza kupanda basi na kufika Fátima, mji wa hija wa Ureno, kwa muda wa kama saa moja na nusu. Mwongozo huu ni wa yule aliyekata shauri kwenda kwa miguu, kwa njia iitwayo Caminho do Tejo, inayofuata bonde la mto Tejo hadi mji wa Santarém na kisha kupanda vilima vya mawe ya chokaa hadi Fátima, umbali wa takriban kilomita 140 ambao wengi huumaliza kwa siku tano hadi saba. Mpaka Santarém njia hiyo ni ileile ya wanaokwenda Santiago de Compostela, hivyo mengi yatakayosemwa hapa yatamfaa pia anayekusudia kuendelea hadi Hispania, zaidi ya kilomita 600 kutoka Lisbon.

Mahujaji wa miguu huutumia mji huu vibaya kwa namna mbili. Wapo wanaoshuka kwenye ndege usiku na kuanza kutembea alfajiri, mwili ukiwa bado na uchovu wa safari. Wapo pia wanaoifanya Lisbon kuwa likizo kamili, wakapanda na kushuka vilima vyake tangu asubuhi hadi usiku wa manane, na siku ya kuondoka ikawakuta na malengelenge na magoti yanayouma. Rai yangu ni kwamba siku za Lisbon zihesabiwe kuwa sehemu ya hija yenyewe: zipangwe kwa utaratibu, zielekezwe mahali panapohusiana na safari iliyo mbele, na ziishie kwenye mlango wa kanisa ambako mishale ya njia huanzia. Siku tatu zinatosha. Mwenye siku mbili tu anaweza kuiacha siku ya kwanza nitakayoieleza, isipokuwa kanisa la São Domingos, ambalo halimchukulii hata nusu saa.

Kuandaa safari na kuitunza miguu

Msimu ndio jambo la kwanza la kuamua. Tarehe 13 Mei na tarehe 13 Oktoba ni sikukuu kubwa za Fátima, kwa sababu Bikira Maria alianza kuwatokea watoto watatu wachungaji tarehe 13 Mei 1917 na kuwatokea kwa mara ya mwisho tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo. Anayetaka kufika kwa maandamano ya mishumaa ya usiku wa tarehe 12 Mei ahesabu siku zake kurudi nyuma, aongeze siku moja ya akiba, na atafute malazi mapema sana, kwa kuwa siku hizo barabara za Ureno hujaa makundi ya watu wanaotembea. Mwezi Julai na Agosti sipendekezi. Kati ya Vila Franca de Xira na Santarém njia hupita katika mashamba tambarare yasiyo na kivuli, na jua la huko wakati wa kiangazi huwachosha hata waliozoea joto la Tanga au Mombasa, kwa sababu mchana wake ni mrefu mno.

Kwa wenye pasi za kusafiria za Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani, viza inayohitajika ni ya Schengen, na tarehe zake zijumuishe siku za Lisbon, siku za kutembea na siku chache za ziada endapo mguu utagoma. Saa za Lisbon ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili wakati wa kiangazi na saa tatu wakati wa baridi. Tofauti hiyo ni ndogo na humfaa mhujaji, maana siku za kwanza ataamka mapema bila kengele, na mazoea hayo ni bora ayaendeleze badala ya kuyapoteza kwa kukesha.

Viatu visinunuliwe Lisbon. Viwe vimevaliwa nyumbani kwa wiki kadhaa, na mtu awe amevitembelea akiwa na begi lake mgongoni. Hata hivyo, ndani ya mji huo viatu hivyo vizito vinaweza kupumzishwa, na mtu avae viatu vyepesi vyenye soli inayoshika chini. Njia za waendao kwa miguu za Lisbon zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa na basalti vilivyochongwa kwa mkono, ambavyo nyayo za watu zimevisugua kwa miaka mingi hata vikang'aa, na mvua ikinyesha huteleza vibaya kwenye miteremko. Kifundo cha mguu kikitenguka huko, hija imekwisha kabla haijaanza.

Kwa sababu hiyohiyo, atumie usafiri bila kuona haya. Kutoka uwanja wa ndege kuna treni ya chini ya ardhi ya mstari mwekundu, na kwa kubadilisha kituo cha Alameda mtu hufika katikati ya mji kwa mstari wa kijani. Kadi iitwayo Navegante hupakiwa fedha na kutumika kwenye treni hiyo, mabasi, tramu na hata treni za vitongojini. Kituo cha Baixa-Chiado kina ngazi ndefu za umeme zinazompandisha mtu kutoka mabondeni hadi mtaa wa juu wa Chiado, na upande wa pili, katika mtaa wa Rua dos Fanqueiros, ipo lifti ya umma isiyolipiwa inayomwinua mtu kuelekea kilima cha ngome. Wenyeji wanaijua na wanaitumia kila siku. Tramu namba 28, ambayo kila mgeni anataka kuipanda, hupita mitaa mizuri kweli, lakini ndani yake watu hubanana na vibaka hutafuta riziki humo. Pesa na pasi zikae kwenye mkoba wa ndani ya nguo.

Makumbusho mengi na nyumba nyingi za kihistoria hufungwa siku ya Jumatatu, na baadhi hufungwa kwa muda kwa ajili ya ukarabati. Ni vyema kuangalia tovuti ya kila mahali kabla ya kukata tiketi, na kuipanga Jumatatu, kama haiepukiki, iwe siku ya makanisa.

Siku ya kwanza: mji uliobomoka ukajengwa upya

Asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba 1755, watu wa Lisbon wakiwa makanisani, tetemeko kubwa la ardhi liliubomoa mji, mawimbi ya bahari yakaingia kupitia mdomo wa mto, na moto uliowashwa na mishumaa na majiko yaliyoanguka ukaendelea kuunguza kwa siku kadhaa. Mtaa wa Baixa, wenye barabara zilizonyooka zinazokatana kwa pembe sawa, ulijengwa baada ya hapo chini ya usimamizi wa waziri aliyejulikana baadaye kama Marquês de Pombal. Anayeujua msiba huo ataelewa kwa nini makanisa mengi ya katikati ya mji yanaonekana mapya kuliko umri wake, na kwa nini mtaa wa Alfama, ambao sehemu yake kubwa ilisalimika, una sura tofauti kabisa.

Siku hii haina haja ya mwendo mrefu, kwa kuwa sehemu zote tatu ninazozipendekeza zinafikika kwa miguu kutoka uwanja wa Rossio. Pa kuanzia ni kanisa la São Domingos, lililokuwa la Wadominiko. Nje yake hakuna cha kumshangaza mtu. Ndani, nguzo zake kubwa za mawe zimemenyeka na kupasuka, nyingine zikiwa zimeliwa hadi nusu ya unene wake, kwa sababu ya moto wa mwaka 1959 uliofuata madhara ya tetemeko la kale. Kanisa lilipofunguliwa tena mwaka 1994, waliolikarabati waliziacha nguzo hizo kama moto ulivyoziacha na kupaka kuta na dari rangi nyekundu ya udongo. Mtu akaribie nguzo moja, aitazame jinsi jiwe lilivyobanduka tabaka kwa tabaka, kisha akae kwenye benchi kwa dakika chache. Misa huadhimishwa humo kila siku, na watu wa kawaida huingia wakitoka kazini kuwasha mishumaa.

Nje ya kanisa hilo ipo kumbukumbu ya mawe ya Wayahudi waliouawa mwezi Aprili mwaka 1506, katika mauaji yaliyoanzia kanisani humohumo. Kanisa hilohilo ndilo lililokuwa makao ya chama cha kitume cha Waafrika wa Lisbon, wengi wao watumwa na waliokombolewa utumwani, waliojiweka chini ya ulinzi wa Mama wa Rozari. Hadi leo uwanja ulio mbele yake ni mahali pa kukutania Waafrika, hasa wenye asili ya Guinea-Bissau, na mgeni mweusi akisimama hapo kwa muda atasalimiwa. Anayekwenda Fátima, ambako Bikira Maria alijitambulisha kuwa ndiye Mama wa Rozari, ajue kwamba watu wa bara lake walikuwa wakisali chini ya jina hilo katika mji huu karne nyingi kabla ya mwaka 1917.

Kutoka hapo, ngazi za umeme za Baixa-Chiado zitampandisha hadi karibu na Convento do Carmo, kanisa la Wakarmeli ambalo paa lake lilianguka katika tetemeko na halikurudishwa. Matao ya mawe yamebaki juu, anga ikiwa ndiyo dari. Mwanzilishi wake, Nuno Álvares Pereira, alikuwa jemadari aliyewashinda Wahispania wa Castela huko Aljubarrota mwaka 1385, kisha akaacha mali na cheo akawa bruda katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Miongoni mwa vyeo alivyoviacha ulikuwemo ukabaila wa Ourém, na Fátima imo katika wilaya ya Ourém.

Umbali wa dakika chache kutoka Carmo liko kanisa la São Roque la Wajesuiti. Watalii hulijia kwa ajili ya kikanisa cha Mtakatifu Yohane Mbatizaji, kilichotengenezwa Roma kwa mawe ya thamani na kuletwa kwa meli mwaka 1747. Mimi humshauri mtu wa Afrika Mashariki aulizie sakristia, ambako kuna safu ya picha za mwanzoni mwa karne ya 17 zinazosimulia maisha ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Mtakatifu huyo aliondoka Lisbon mwaka 1541 kwenda India, na mwaka uliofuata meli yake ilitia nanga Malindi. Mtakatifu Roko, msimamizi wa kanisa lenyewe, huchongwa akiwa amevaa mavazi ya mhujaji na kushika fimbo, jambo linalofaa kukumbukwa na anayejiandaa kushika yake.

Jioni ya siku hii mtu ale mapema, alale mapema.

Siku ya pili: Belém, dhahabu ya Kilwa, na kitanda cha Jacinta

Belém iko magharibi ya mji, ukingoni mwa Tejo. Treni ya kutoka Cais do Sodré hufika kwa dakika chache, na tramu namba 15 nayo huenda huko kwa mwendo wa polepole. Ni vizuri kuwa mlangoni pa monasteri ya Jerónimos kabla haijafunguliwa, kwa kuwa foleni yake hurefuka haraka na kusimama juani kwa saa nzima kunachosha miguu kuliko kutembea.

Monasteri hiyo ilianzwa kujengwa na Mfalme Manuel wa Kwanza mwanzoni mwa karne ya 16, mahali palipokuwa na kikanisa kidogo cha mabaharia. Inasimuliwa kwamba Vasco da Gama na watu wake walikesha humo wakisali kabla ya kung'oa nanga mwezi Julai 1497. Mwezi Aprili mwaka uliofuata walikuwa Mombasa, kisha Malindi, ambako mtawala wake aliwapa rubani wa kuwavusha hadi India. Kaburi la Vasco da Gama limo ndani ya kanisa la monasteri, karibu na mlango, na upande wa pili lipo la mshairi Luís de Camões. Wageni wengi hupiga picha na kupita. Msomaji aliyekulia pwani yetu, anayeijua nguzo ya Vasco da Gama iliyosimama Malindi na ngome ya Fort Jesus iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593, atasimama hapo kwa mawazo mengine, na ninamsihi asiyakimbie mawazo hayo. Ayatazame pia yale matao ya ua wa ndani, yaliyochongwa kamba za meli, majani na tufe za mabaharia, kwa maana uzuri wake ni wa kweli na fedha zilizoulipia zilitoka kwenye biashara ya bahari yetu.

Mnara wa Belém unatosha kutazamwa kutoka nje. Vivyo hivyo ile sanamu kubwa ya wavumbuzi iliyo ukingoni mwa mto, iliyojengwa mwaka 1960. Duka la vitumbua vya maziwa na mayai lililofunguliwa mwaka 1837 liko jirani na monasteri, na vitumbua hivyo, vyenye ganda jembamba la unga linalovunjika mdomoni na kunyunyiziwa mdalasini, vinastahili sifa zake zote.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo lisingekosekana katika mwongozo huu hata kama kila kingine kingeachwa. Akirudi kuelekea katikati ya mji, mtu ashuke Santos na kupanda hadi Museu Nacional de Arte Antiga. Akiwa humo aulizie Custódia de Belém, nayo ni monstransi ya dhahabu, yaani chombo cha kuwekea Hostia Takatifu wakati wa kuabudu Ekaristi. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na kundi la meli za vita, akamtisha mtawala wake kwamba angeuharibu mji, na kumlazimisha akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka. Dhahabu hiyo ilikuwa ya biashara ya Sofala, iliyoitajirisha Kilwa kwa vizazi vingi. Ilipofika Lisbon, Mfalme Manuel aliamuru itengenezwe monstransi, kazi inayohesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente, na baadaye akaitoa kwa wosia kwa monasteri ya Belém.

Chombo chenyewe hakifiki urefu wa mita moja, na ni lazima mtu ainame karibu na kioo ili akione sawasawa. Katikati, mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka mahali pa Hostia, kila mmoja na sura yake, mavazi yao yakiwa yametiwa rangi za enameli. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe, na juu zaidi yuko Mungu Baba. Chini, kuzunguka kitako, kuna maandishi ya herufi za enameli yanayosema kwamba mfalme aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa na kwamba kilimalizika mwaka 1506. Jina la Kilwa limeandikwa QVILOA. Mwaka 1505, monstransi ikiwa bado mikononi mwa sonara, majeshi ya Francisco de Almeida yaliiteka Kilwa yakaipora, kisha yakaichoma moto Mombasa.

Ninajua kwamba kwa mhujaji Mkatoliki ni vigumu kukitazama chombo kilichobeba Mwili wa Kristo na kujua kuwa dhahabu yake ilitwaliwa kwa vitisho kutoka kwa watu wa kwao. Hata hivyo naamini ndiye anayestahili kukitazama kuliko mtu mwingine yeyote, na kwamba sala ya kuwaombea waliodhulumiwa na waliodhulumu inaweza kuanzia hapo na kubebwa njiani siku zote za kutembea. Katika makumbusho hayo kuna pia picha maarufu za karne ya 15 zinazomwonyesha Mtakatifu Vinsenti, msimamizi wa Lisbon, akizungukwa na watu wa matabaka yote ya mji, na kuna mapazia ya Kijapani yanayoonyesha meli ya Wareno ikiwasili Japani, baadhi ya watu wake wakiwa Waafrika.

Kutoka makumbusho, tramu namba 25 au mwendo wa kupanda mlima wa muda mfupi humfikisha mtu kwenye Basilika ya Estrela, iliyojengwa na Malkia Maria wa Kwanza mwishoni mwa karne ya 18 kwa heshima ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Bustani iliyo mbele yake ina miti mikubwa na mabenchi, na ni mahali pazuri pa kuvua viatu kwa nusu saa.

Mhujaji wa Fátima ana sababu ya pekee ya kufika hapa. Jacinta, mdogo kuliko wote katika wale watoto watatu, aliugua katika janga la homa ya mafua lililoikumba dunia mwaka 1918, na kaka yake Francisco, naye mmoja wa watoto hao, alifariki mwaka 1919. Mwanzoni mwa 1920 Jacinta aliletwa Lisbon kutibiwa, akakaa kwanza katika nyumba ya watoto yatima iliyo jirani na basilika hii, kisha akapelekwa hospitali ya Dona Estefânia, ambako alipasuliwa kifuani kwa dawa ya ganzi tu, bila kulazwa usingizi. Alifariki huko usiku wa tarehe 20 Februari 1920, akiwa na umri wa miaka tisa, bila mzazi wala ndugu kando ya kitanda chake. Papa Fransisko aliwatangaza yeye na Francisco kuwa watakatifu tarehe 13 Mei 2017, na makaburi yao yamo katika Basilika ya Mama wa Rozari, ambako hija hii inakwenda kuishia. Mtoto huyo alikuja Lisbon akitoka Fátima na hakurudi akiwa hai, na mhujaji atakayeianza safari kutoka mji huu atakuwa anaelekea kule ambako yeye alitamani kurudi.

Siku ya tatu: Alfama, na mlango wa kuondokea

Siku ya tatu iwe nyepesi. Begi lifungwe asubuhi na kupimwa uzito, nguo zisizohitajika ziachwe hotelini kama hoteli inakubali kutunza mizigo, kisha mtu apande kwa tramu au lifti hadi upande wa juu wa Alfama ili matembezi yote yawe ya kushuka.

Pa kuanzia ni monasteri ya São Vicente de Fora, yenye kuta zilizofunikwa vigae vya buluu na nyeupe. Hapo ndipo kijana Fernando, atakayejulikana baadaye kama Mtakatifu Antoni wa Padua, alipoingia utawani kwa Waaugustino kabla hajawa Mfransisko. Jumanne na Jumamosi kuna soko la mitumba nyuma yake. Hatua chache chini yake ni Panteão Nacional, kanisa lenye kuba jeupe lililochukua karne nyingi kujengwa hadi likamalizika mwaka 1966. Wapenzi wa mpira watataka kuingia, kwa sababu Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji aliyekuwa mchezaji bora kuliko wote katika Ureno ya wakati wake, alihamishiwa humo mwaka 2015 na kulazwa pamoja na marais na waandishi wa taifa hilo.

Kutoka hapo mtu ashuke polepole kupitia Portas do Sol na Santa Luzia, akitazama mapaa mekundu na mto, hadi kanisa dogo la Santo António. Watu wetu wengi humjua Antoni kwa jina la Padua, alikofariki mwaka 1231, lakini alizaliwa hapa Lisbon, na ngazi ya kando ya altare hushuka hadi kikanisa cha chini ya ardhi panaposadikiwa kuwa ndipo nyumba ya wazazi wake ilipokuwa. Chumba ni kidogo, watu sita wakiingia kimejaa. Papa Yohane Paulo II alisali humo mwezi Mei 1982, alipokuwa Ureno kumshukuru Mama wa Fátima kwa kunusurika risasi mwaka mmoja kabla. Kanisa la juu lilijengwa upya baada ya tetemeko, na inasimuliwa kwamba watoto wa mji walipita mitaani wakiomba sarafu moja kwa ajili ya Mtakatifu Antoni. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Juni, sikukuu yake, mji mzima huchoma dagaa wakubwa wa sardini barabarani na hakuna anayelala. Asiyependa kelele aiepuke tarehe hiyo.

Mbele yake tu ndipo lilipo kanisa kuu, Sé, lenye minara miwili mizito ya mawe. Lilianza kujengwa baada ya Mfalme Afonso Henriques kuutwaa mji kutoka kwa Waislamu mwaka 1147, juu ya mahali palipokuwa na msikiti, na Antoni alibatizwa humo. Mtalii hulipa kiingilio, lakini anayekwenda kusali Misa halipi. Hapa ndipo pa kupata kijitabu cha hija kiitwacho credencial, ambacho huandikwa jina la mhujaji na kupigwa muhuri wa kwanza. Kijitabu hicho ndicho kinachomruhusu mtu kulala katika nyumba za mahujaji, na kila siku apige muhuri kanisani, mgahawani au mahali pa kulala. Anayekwenda Santiago na kutaka cheti cha huko ni lazima apate mihuri miwili kwa siku katika kilomita 100 za mwisho.

Chakula cha jioni kiwe cha kutia nguvu bila kulemea. Bacalhau, samaki wa kaskazini anayekaushwa kwa chumvi ambaye watu wa pwani watamwona kuwa ndugu wa ng'onda, hupikwa kwa viazi na mafuta ya zeituni, na supu ya caldo verde ya viazi na sukumawiki iliyokatwa nyembamba inapatikana karibu kila mgahawa. Nyimbo za fado ni za mtaa huuhuu, na anayezitaka azitafute jana yake, kwa sababu nyumba za fado huchangamka usiku sana.

Kutoka mjini

Aondoke Sé mapambazuko. Mishale ya njano ni ya Santiago, ya buluu ni ya Fátima, na kuanzia hapa hadi Santarém yote huelekeza upande mmoja. Njia hushuka vichochoro vya Alfama, hupita kituo cha reli cha Santa Apolónia na maghala ya zamani ya Xabregas na Beato, kisha hutokea Parque das Nações, ambako lami na mabango mengi huifanya mishale iwe vigumu kuonekana. Mtu ashike ukingo wa mto tu hadi apite chini ya daraja la Vasco da Gama. Mbele kidogo, karibu na mto Trancão, ni viwanja vya Parque Tejo, ambako vijana kutoka dunia nzima, wakiwemo wa Afrika Mashariki, walikesha na Papa Fransisko mwezi Agosti 2023. Hapo njia huacha Tejo na kufuata Trancão kuelekea kijiji cha Alpriate, chenye nyumba ya mahujaji, takriban kilomita 22 kutoka Sé.

Siku hiyo ya kwanza haina uzuri mwingi, na sehemu ndefu ni sakafu ngumu. Anayehisi mguu unalalamika ana faraja moja: reli ya Azambuja huenda sambamba na njia, na Sacavém, Póvoa, Alverca, Alhandra na Vila Franca de Xira zote zina vituo. Anaweza hata kubaki na chumba chake cha Lisbon kwa usiku wa kwanza au wa pili, atembee akiwa na begi dogo, arudi kwa treni jioni na kuendelea asubuhi kutoka kituo kilekile alichoishia. Kati ya Azambuja na Santarém kuna zaidi ya kilomita 30 na maduka machache, hivyo maji na chakula vinunuliwe Azambuja kabla ya kuondoka. Santarém ikifika, mishale hutengana: ya njano huelekea Golegã na Tomar, ya buluu hugeuka kuelekea vilima vya Minde, na anayekwenda Fátima aifuate hiyo ya buluu.